Kabla chokaa haijagusa udongo: jinsi ya kupima salfeti ili barabara isivimbe

Simu ilinikuta sokoni Bwera, magharibi mwa Uganda, nikinunua mihogo. Alikuwa mzee dereva wa greda, mtu wa upande wa Kasindi, ambaye tulifanya naye kazi msimu mzima wa kiangazi.

"Binti yangu, ile barabara yetu imeota matuta. Njoo uone kwa macho yako."

"Imepasuka, mzee?"

"Kupasuka ni kidogo. Imeumuka kama mandazi."

Kesho yake nikaenda. Zilikuwa kilomita nne za barabara ya kijiji kwenye tambarare iliyo kati ya milima ya Rwenzori na ziwa George. Mwezi wa pili tulikuwa tumechanganya udongo wake na chokaa asilimia 5, tukashindilia, tukapima, kila namba ikakubali. Sasa ilikuwa mwezi wa tano na mvua zilikuwa zimenyesha vya kutosha. Matuta yalikatiza barabara kutoka ukingo hadi ukingo, mengine yakifika kimo cha kiganja kilichosimamishwa. Karibu na kalavati ndipo palipovimba zaidi. Usiku uliotangulia, mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa ameanguka na bodaboda pale na kuvunjika mkono. Ripoti ya udongo ya barabara ile ilikuwa na sahihi yangu.

Tangu siku hiyo hakuna mfuko wa chokaa unaofunguliwa kwenye kazi yangu kabla sijaona namba ya salfeti, ile chumvi ya salfa iliyomo udongoni, nami nimeihakiki mwenyewe. Ninawaandikia mafundi wenzangu wa maabara na wasimamizi wa saiti jinsi ninavyofanya. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu huku kwetu ndiyo lugha tunayoelewana nayo kazini: Mkonzo, Mkongo, Mkenya na Mtanzania kwenye shimo moja la udongo.

Kwanza elewa kinachovimba

Mhandisi wa kampuni alipofika kuona matuta, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba chokaa ilikuwa kidogo, tuongeze asilimia 2. Ninamwelewa, maana ndivyo tulivyofundishwa: udongo mfinyanzi ukivimba, mpe chokaa. Lakini pale, kuongeza chokaa kungekuwa kuongeza kuni motoni.

Chokaa ikikutana na maji kwenye udongo, pH, kipimo cha asidi na alkali, hupanda hadi kama 12.4. Katika hali hiyo mfinyanzi huanza kuachia silika na alumini yake. Hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu hivyo viwili hushikana na kalsiamu ya chokaa na kutengeneza gundi inayoufanya udongo uwe mgumu. Sasa, kama udongo una jasi ndani yake, yale madini laini ya kalsiamu na salfeti, salfeti ya jasi nayo huingia kwenye ndoa hiyo. Kalsiamu, alumini, salfeti na maji huungana kuwa fuwele nyembamba kama sindano, ziitwazo etringaiti. Fuwele hizi zina kiu kubwa: fomula yake hubeba molekuli 32 za maji, na karibu nusu ya uzito wake ni maji matupu. Zikiota ndani ya tabaka ambalo rola imekwisha kulibana, hazina pa kwenda ila juu.

Kwa hiyo vinahitajika vitu vinne: kalsiamu, alumini, salfeti na maji. Alumini ni mfinyanzi wenyewe, huwezi kuiondoa. Maji yataingia tu, iwe kwa mvua, kwa mtaro au kwa ufa. Kalsiamu unaileta wewe kwa roli. Salfeti peke yake ndiyo unayoweza kuijua mapema na kuamua kwayo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Las Vegas, Marekani, barabara ya Stewart Avenue iliharibika vivyo hivyo, na mwaka 1988 mhandisi Hunter akachapisha maelezo ya mchakato wake, ndiyo maelezo ambayo wengi wameyafuata hadi leo. Uingereza nao walipata pigo lao kwenye barabara kuu ya M40 karibu na Banbury, ambako salfeti ilitokana na pairaiti, yale mawe yanayong'aa kama dhahabu, yaliyooza baada ya udongo kufukuliwa na kukutana na hewa. Watu wa Kasese tuliangalie sana hilo la pairaiti. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamejaa pairaiti, na mto Nyamwamba umekuwa ukiyabeba kila unapofurika. Ukichota mchanga au changarawe kwenye njia ya mto ule, kipimo cha salfeti pekee hakitoshi. Omba maabara ipime salfa yote, kwa sababu pairaiti ya leo ndiyo salfeti ya mwaka kesho.

Na kabla mtu hajaniambia tutumie saruji badala ya chokaa: saruji pia huleta kalsiamu na pH ya juu. Hata ile saruji inayouzwa kwa kustahimili salfeti haikuokoi hapa. Ile imepunguziwa alumini ya kwake, lakini alumini inayotudhuru inatoka kwenye mfinyanzi.

Tembea barabara kwa miguu

Jicho halitoi namba, lakini linakuonyesha pa kuchimba. Kwenye nchi yetu jasi inajulikana Kibuku, upande wa Semliki, na sehemu kavu za bonde la ufa ndizo ninazozishuku kwanza. Mahali mvua ni chache, salfeti haioshwi ikaenda mbali. Hushuka kidogo na kujikusanya kwenye tabaka la chini. Ndiyo sababu uso wa ardhi unaweza kuwa safi kabisa, kisha greda ikakata nusu mita na kufungua mshipa mweupe.

Ukiona vipande vinavyometameta kama kioo au nyuzi nyeupe ndani ya bonge la udongo, chukua kimoja ukikwaruze kwa ukucha. Jasi hukwaruzika. Kisha tonesha asidi haidrokloriki iliyopunguzwa nguvu. Jasi hukaa kimya, mawe ya chokaa hutoa povu. Ukiwa upande wa Katwe utakuta pia ukoko mweupe wa magadi, nao hutoa povu. Usidanganyike ukasema basi hapa hakuna jasi, maana vyote viwili vinaweza kukaa shimo moja.

Na maji je? Watu husahau boza. Maji ya ziwa Katwe yana chumvi, magadi na salfeti pamoja. Nimewahi kumkuta dereva akijaza boza kwenye kidimbwi cha karibu ili kuokoa mafuta, nikamwomba amwage yote. Pima maji ya kushindilia kama unavyopima udongo.

Kuchukua sampuli

Salfeti haikai sawasawa. Shimo moja linaweza kukupa namba ndogo, na hatua ishirini mbele ukakuta mara kumi yake. Kwenye barabara iliyovimba tulikuwa tumechimba mashimo manne kwa kilomita nne. Ilikuwa aibu, na sikupaza sauti. Siku hizi ninachimba kila mita 100, na kila mita 50 panapobadilika rangi ya udongo, panapokatwa kilima na panapopita maji. Ninashuka chini ya kina kitakachochanganywa kwa nusu mita nyingine, kwa kuwa unyevu hupanda na chumvi hupanda nao. Kila kina mfuko wake. Usichanganye udongo wa mashimo matatu kupata wastani: tuta huota pale penye namba kubwa, wala halijui wastani wako.

Kausha sampuli kwenye tanuri la nyuzi 60 za Selsiasi, zisizidi. Ukiweka 105 kama tulivyozoea kwenye kipimo cha unyevu, jasi itapoteza maji yake yenyewe na uzito utakudanganya.

Kipimo chenyewe, na mtego ulioninasa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo barabara yetu ilipoharibikia.

Tulipeleka sampuli zetu kwenye maabara moja. Ripoti ikarudi: salfeti kati ya miligramu 2,300 na 2,800 kwa kilo moja ya udongo. Mwongozo unaofuatwa na wengi unasema chini ya 3,000 hatari ni ndogo. Nikatia sahihi.

Sikuuliza walitumia maji kiasi gani. Walikuwa wamechanganya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili za maji. Jasi si kama chumvi ya mezani; lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2.5 tu, kisha hukataa. Piga hesabu: kilo moja ya udongo kwa lita mbili za maji inaweza kuachia gramu 5 za jasi, hata kama ndani yake zimo gramu 50. Salfeti ni asilimia 56 hivi ya uzito wa jasi, kwa hiyo namba ya juu kabisa ambayo kipimo kile kingeweza kutoa ni kama 2,800. Udongo wowote wenye jasi nyingi ungeonekana salama! Baadaye nilirudia sampuli zilezile kwa maji mara ishirini ya uzito wa udongo, na shimo la karibu na kalavati likatoa zaidi ya 11,000.

Basi fanya hivi. Pima gramu 10 za udongo uliokaushwa na kupita chekeche ya milimita 0.425. Mimina mililita 200 za maji yaliyokenekwa. Tikisa kwa nguvu dakika moja, uache ulale usiku kucha, asubuhi utikise tena, kisha uchuje mpaka maji yawe safi kabisa. Mfinyanzi ukibaki ndani utausoma kama salfeti.

Kama una kifaa cha kusoma ukungu wa maji kwa mwanga, fuata maelekezo yake. Kama huna, njia yangu ya saitini ni hii. Yeyusha gramu 1.814 za potasiamu salfeti kwenye maji yaliyokenekwa na ujaze hadi lita moja. Hapo una miligramu 1,000 za salfeti kwa lita. Chota mililita 15 za maji hayo, ujaze hadi lita moja nyingine: hiyo ni chupa ya kwanza. Chota mililita 40, ujaze vivyo hivyo: hiyo ni ya pili. Sasa chukua maji ya udongo uliyoyachuja, uyapunguze mara kumi. Weka kila kimoja kwenye mrija wake wa kioo kwa kimo sawa, tia matone machache ya asidi haidrokloriki ili magadi yasije yakakuletea weupe wa uongo, halafu tia bariamu kloraidi, inayoigeuza salfeti kuwa ukungu mweupe, kiasi kilekile kila mrija. Subiri dakika tano. Weka mirija juu ya karatasi yenye msalaba mweusi na uangalie kutoka juu.

Kwa vipimo hivi, namba ya mrija ukiizidisha mara 200 unapata miligramu kwa kilo ya udongo. Ukungu kama wa chupa ya 15 maana yake udongo una 3,000. Ukungu kama wa chupa ya 40 maana yake 8,000. Njia hii haitoshi kwa ripoti ya mkataba, ila inatosha kusimamisha roli la chokaa hadi maabara kubwa ipime vizuri.

Bariamu kloraidi ni sumu. Vaa glavu, usiiache karibu na chai ya vibarua, na usimwage mabaki mtaroni. Mimi huyakusanya kwenye galoni na kutia chumvi ya Epsom mpaka weupe usiongezeke. Bariamu yote ikigeuka kuwa unga mweupe usioyeyuka, haidhuru tena.

Ukiipeleka sampuli maabara, andika kwenye fomu: maji mara ishirini. Na jibu likirudi angalia limeandikwa kwa SO4 au kwa SO3. Kama ni SO3, zidisha kwa 1.2. Nimeona mtu akisoma 2,700 ya SO3 akasema tuko salama, kumbe ni 3,240.

Namba imekuja, tufanye nini

Chini ya 3,000, endelea na kazi kama kawaida, ila usiwe bahili wa maji. Kiasi cha chokaa kipimwe kwa pH kama siku zote.

Juu ya 8,000, mimi sitii chokaa wala saruji. Fukua, weka moramu safi, au inua barabara juu ya udongo ule bila kuuchanganya na kitu. Uganda tumejaliwa moramu. Mara nyingi kilima kiko kilomita chache tu. Gharama ya maroli italalamikiwa ofisini, nawe onyesha gharama ya kufukua barabara iliyokwisha kujengwa. Mahali namba kubwa ni mshipa mdogo tu, nimewahi kuuchanganya na udongo safi wa jirani mpaka namba ikashuka, kisha nikapima upya.

Katikati, kati ya 3,000 na 8,000, ndipo penye kazi ya subira. Dawa yake ni kuiacha etringaiti iote mapema, wakati udongo bado umelegea, ili rola ije baada ya uvimbe. Changanya chokaa yote kwa mara moja. Wengine hugawa mara mbili. Mimi sipendi, kwa sababu nusu ya pili huweza kuamsha upya salfeti iliyosalia ndani ya tabaka lililokwisha kubanwa. Tia maji yazidi kile kiwango bora cha kushindilia kwa asilimia 3 hadi 5. Pitisha rola nyepesi mara moja tu ili mvua isizame na jua lisikaushe, halafu uache. Siku tatu ni chache mno kwa namba zinazokaribia 8,000. Mimi huacha siku saba, boza likipita asubuhi na jioni. Udongo ukikauka, mchakato husimama, na utaamka tena siku ya mvua.

Siku ya saba pima salfeti tena. Ikiwa imeshuka chini ya 3,000, changanya upya kwa mashine, rekebisha maji, shindilia. Ikiwa haijashuka, subiri tena. Hapo ndipo utakapogombana na msimamizi mwenye kalenda mkononi. Mpe namba iliyoandikwa na tarehe, mbele ya mashahidi.

Pamoja na hayo yote, tengeneza vipande vya majaribio vya udongo huo maabarani wiki kadhaa kabla. Vishindilie, uviache vikomae, uvizamishe majini vikiwa na saa ya kupimia kimo juu yake. Kuzamisha siku nne, kama tunavyofanya kwenye CBR, kipimo cha nguvu ya udongo wa barabara, hakutoshi: vyetu vilikaa kimya siku nne zote. Viache angalau siku 28. Wazungu wana kipimo cha haraka cha kuzamisha kwenye maji ya nyuzi 40 kwa siku saba. Mwenye bafu la maji la umeme na atumie hilo.

Kama umechelewa, matuta yameshaota

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu. Udongo mweusi wa pamba nao huvimba, lakini kiangazi hunywea na kupasuka. Uvimbe wa etringaiti haurudi chini jua likiwaka. Piga misumari ya chuma kwenye tuta na pembeni yake, pima kimo kwa livo kila mwezi. Chimba bonge moja, ulivunje, uangalie kwa lenzi kama kuna sindano nyeupe kwenye nafasi. Maabara ya chuo yenye mashine ya mionzi ya eksi itathibitisha.

Ikithibitika, usitie chokaa zaidi wala usimwage lami juu ili kuficha. Weka alama za kuwaonya waendesha bodaboda siku hiyohiyo. Zuia maji: fungua mitaro, ziba nyufa, tengeneza mdomo wa kalavati. Kisha subiri misumari ikuambie.

Sisi tulifukua mita 600 upande wa kalavati, tukajaza moramu ya kilimani. Sehemu iliyobaki tuliichonga matuta kwa greda, mzee yuleyule akiwa kwenye usukani, tukaiacha wazi bila lami. Misumari iliendelea kupanda miezi mitano. Miezi miwili iliyofuata haikusogea hata milimita, mvua za pili zikiwa zinanyesha. Ndipo nikatia sahihi kazi iendelee.